Skripti Inapokataliwa: Makosa ya Ruhusa katika Makundi ya Barua Pepe

(Maelezo yaliyotolewa kwenye semina ya makatibu wa vyama wanachama)



Taarifa ya mkutano mkuu ni haki ya mwanachama kabla haijawa adabu ya uongozi. Chama cha msingi kisichopata taarifa kwa wakati hakiwezi kuteua wajumbe wake, na wajumbe wasipoteuliwa, sauti ya wakulima wa kata nzima hukosekana siku ya kupanga ushuru, kugawa ziada, au kuidhinisha ukomo wa madeni. Zamani taarifa hiyo ilipelekwa na tarishi mwenye baiskeli, naye alirudi na daftari lenye saini ya aliyeipokea. Saini isipokuwapo, makao makuu yalijua kwamba barua haikufika. Hivi leo chama kikuu kinachotumia barua pepe huandika anuani moja tu, ile ya kundi, na barua huwaendea makatibu wote kwa mkupuo mmoja. Daftari la saini halipo tena.

Majina ya makatibu na anuani zao huwekwa katika jedwali, na orodha ya kundi hukaa mahali pengine. Kila katibu anapobadilika, hapana budi vitu viwili virekebishwe. Kwa kuwa kazi hiyo huchosha na husahauliwa, baadhi ya ofisi zimeikabidhi kwa skripti, yaani amri zilizoandikwa mfululizo ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe kila usiku: isome jedwali, ilinganishe na kundi, imwongeze asiyekuwamo, imwondoe aliyeacha kazi.

Skripti ikikataliwa ruhusa, kundi halivunjiki, wala barua haiachi kwenda. Hapo ndipo penye hatari. Barua huendelea kutumwa kwa orodha ya zamani. Katibu aliyeondolewa mwezi wa tatu kwa upotevu wa fedha huendelea kusoma bei za mnada na siri za ofisi, na yule aliyechaguliwa mahali pake hapati kitu. Mtumaji haoni alama yoyote ya kosa, kwa kuwa mbele ya macho yake barua imekwenda. Chama cha msingi nacho hakiwezi kulalamikia barua ambayo hakijui kwamba ilikuwapo.

Mifano ya maelezo haya imechukuliwa kutoka Google Workspace, mtambo ambao hadi Oktoba 2020 uliitwa G Suite. Ndani yake mna Apps Script, chombo cha kuandikia skripti kilichotolewa mwaka 2009. Mwenye mtambo mwingine atakuta majina tofauti, lakini mantiki ya ruhusa haitofautiani sana.

Milango minne

Kosa kubwa la watengenezaji wengi ni kudhani kwamba ruhusa ni kitu kimoja, ambacho mtu anacho ama hana. Mwanachama anayekwenda kuchukua mbolea ghalani anajua kwamba sivyo. Kwanza ghala lenyewe liwe limefunguliwa siku hiyo. Pili awe na kibali kilichoandikwa kuchukua mbolea, si kibali cha kuangalia mbolea. Tatu jina lililo juu ya kibali liwe la mtu mwenye haki hiyo katika daftari la chama. Nne mtunza ghala awe hana amri ya pekee inayokataza mbolea ile isitolewe kwa watu wa nje. Mtu aweza kuvuka milango mitatu akazuiwa na wa nne, na akirudi nyumbani atasema tu, “Nimenyimwa.” Asiposema amenyimwa na nani, hakuna atakayeweza kumsaidia.

Skripti nayo hurudi na neno hilo hilo. Kwa kawaida hurudi na namba 403, ambayo katika lugha ya mitambo ya intaneti maana yake ni kwamba ombi limeeleweka lakini limekataliwa. Namba hiyo ni moja, ila sababu zake ni nyingi, na ndiyo maana katibu anayempigia fundi simu akimwambia “imeleta 403” huwa hajamwambia lolote la maana. Maneno yanayofuata namba ndiyo yenye thamani. Yafaa yanakiliwe yote, herufi kwa herufi, kabla dirisha halijafungwa.

Maneno hayo yakisema kwamba huduma haijapata kutumiwa katika mradi huu, au kwamba imezimwa, basi ni mlango wa kwanza: ghala halijafunguliwa. Katika Apps Script, huduma ya AdminDirectory, ambayo ndiyo inayoongeza na kuondoa watu katika makundi, haipatikani mpaka iongezwe kwa mkono kwenye orodha ya huduma za mradi. Huduma inayobadili masharti ya kundi, AdminGroupsSettings, ni nyingine kabisa, nayo huongezwa peke yake. Imeonekana mara kwa mara kwamba skripti inaongeza wanachama vizuri kwa miezi, halafu siku inapotakiwa kubadili sharti la nani aruhusiwe kutuma barua, inakataliwa. Na fundi huhangaika na cheo cha mtu, ilhali kilichokosekana ni huduma ya pili. Tatizo hili ni jepesi, halistahili maneno zaidi.

Maneno yakitaja upungufu wa idhini ya ombi lenyewe, huo ni mlango wa pili, na hapa yafaa kukaa kidogo.

Skripti haipewi madaraka yote ya mtu anayeiendesha. Hupewa sehemu, na kila sehemu ina jina lake refu linaloandikwa kama anuani ya tovuti. Mwisho wa jina hilo ndio unaoonyesha upana wa idhini. Yenye mwisho admin.directory.group inaruhusu kuunda na kubadili makundi, admin.directory.group.member inahusu wanachama wa makundi peke yao. Na yoyote kati ya hizo ikiongezewa neno readonly inaruhusu kusoma tu. Mtu aliyeandika skripti ya kusoma orodha, kisha baada ya miezi miwili akaongeza mstari wa kuandikisha wanachama wapya, atakuta kusoma kunaendelea na kuandika kunakataliwa. Skripti haijaharibika. Inatembea na kibali cha kuangalia mbolea.

Jambo hili huwatatiza zaidi wale walioandika idhini zao wenyewe katika faili la maelezo ya mradi, liitwalo appsscript.json. Kwa kawaida Apps Script husoma amri na kukisia yenyewe idhini zinazohitajika. Lakini mara mtu anapoorodhesha idhini katika faili hilo, mtambo huacha kukisia na kufuata orodha ile peke yake. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu unalazimisha skripti iombe kidogo iwezekanavyo. Ila anayeufuata akumbuke kwamba kila amri mpya yaweza kudai mstari mpya katika orodha, na kwamba mstari ukishaongezwa, mwenye skripti hana budi kuiendesha mara moja kwa mkono ili mtambo umwulize upya kama anakubali. Asipokubali upya, kibali cha zamani hubaki kilivyokuwa, na kazi ya usiku itashindwa ingawa mchana mbele ya fundi kila kitu kilionekana sawa.

Mlango wa tatu ndio unaofungwa mara nyingi kuliko yote. Ujumbe wake husema kwa kifupi kwamba mwombaji hana mamlaka ya kufikia rasilimali au huduma hiyo. Kiini chake ni hiki: AdminDirectory ni huduma ya wasimamizi wa kikoa kizima, yaani wa anuani zote zinazoishia na jina la chama. Haimtambui mtu kwa kuwa ni mmiliki wa kundi. Katibu mhtasi aliyeunda kundi la makatibu, anayeingia kila siku kwenye ukurasa wa kundi na kuongeza watu kwa mkono bila shida, akiendesha skripti kwa jina lake atakataliwa, naye ataona ajabu: kwa mkono anaruhusiwa, kwa mashine anakatazwa! Hakuna ajabu. Kwa mkono alipitia mlango wa wamiliki wa makundi. Skripti imepitia mlango wa wasimamizi wa kikoa, na huko jina lake halimo.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kumpa mtu huyo cheo cha usimamizi wa makundi, ambacho kimekwisha kutengenezwa katika mtambo na hakimpi uwezo wa kufuta watumishi. Ya pili ni kuiandika skripti upya itumie Cloud Identity, huduma inayomkubali mmiliki wa kundi kwa kundi lake. Kwa ofisi yenye makundi mawili matatu, ya pili ni bora. Dawa ya tatu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotumika sana, ni kumpa mwandishi wa skripti usimamizi mkuu wa kikoa kizima ili kosa liondoke upesi. Kosa huondoka kweli. Lakini tangu siku hiyo mtu mmoja, na kila skripti anayoiendesha, ana uwezo wa kubadili neno la siri la Meneja Mkuu na la Mhasibu. Bodi isiyokubali mtu mmoja atie saini hundi peke yake haina sababu ya kukubali jambo hilo.

Hapa pana tahadhari kwa vyama vya msingi visivyo na kikoa chao. Kundi lenye anuani inayoishia na googlegroups.com, lililoundwa na katibu kwa anuani yake ya kawaida ya gmail.com, haliwezi kusimamiwa kwa AdminDirectory hata kidogo, kwa sababu halimo katika kikoa cha mtu yeyote. Hakuna ruhusa ya kuomba, na fundi anayeahidi kuitafuta anapoteza fedha za chama. Kundi la namna hiyo huhudumiwa kwa mkono.

Tofauti nyingine ni kati ya AdminDirectory na GroupsApp. Hii ya pili ni chombo chepesi cha Apps Script, hakidai cheo cha usimamizi, lakini kazi yake ni kusoma tu: kumwonyesha mtu makundi aliyomo na wanachama wake. Mtu anayetafuta ndani yake amri ya kuongeza mwanachama hataiona, kwa maana haimo. Tena GroupsApp hufuata masharti ya kundi lenyewe. Ikiwa kundi limewekewa sharti kwamba orodha ya wanachama itazamwe na wamiliki tu, mwanachama wa kawaida akiendesha skripti ataambiwa hana ruhusa ya kuona orodha. Huo ndio mlango wa nne, amri ya mtunza ghala, na hauondolewi kwa kubadili skripti. Ama mtu apandishwe cheo ndani ya kundi, ama sharti lilegezwe.

Kwenye mlango huo wa nne lipo pia suala la watu wa nje. Makatibu wengi wa vyama vya msingi hutumia anuani zao binafsi, si anuani za kikoa cha chama kikuu. Kwa mtambo, hao ni wageni. Kundi lenye sharti la kukataa wanachama wa nje litawapokea watumishi wa makao makuu na kuwakataa makatibu wa vijijini, na orodha itaonekana imejaa nusu. Mwenye kusoma taarifa ya skripti haraka haraka atadhani anuani zilikosewa. Sharti hilo hubadilishwa katika kundi, nalo litakubali kubadilika endapo tu msimamizi wa kikoa ameruhusu makundi kuwa na watu wa nje.

Nani anaendesha?

Swali la kwanza la mtafiti wa kosa lisiwe “amri ipi imekosewa?” bali “skripti hii inakwenda kwa jina la nani?” Mara nyingi jibu humshangaza hata mwandishi wake.

Chukulieni mfano wa kijana wa takwimu aliyeandika skripti nzuri, akaiwekea kichochezi, yaani saa ya kuiamsha kila usiku saa nane. Skripti imo katika folda ya ofisi, wenzake watatu wana haki ya kuihariri. Kijana anahamia wilaya nyingine, na msimamizi, kwa utaratibu ulio sahihi kabisa, anasimamisha anuani yake. Kuanzia usiku ule kundi halisawazishwi tena. Wenzake wakiifungua skripti na kuiendesha mchana inafanya kazi, kwa kuwa mmoja wao ana cheo. Wanahitimisha kwamba skripti ni nzima. Ukweli ni kwamba kichochezi huendeshwa kwa mamlaka ya yule aliyekiweka, siku zote, yeyote awe amefungua faili. Mamlaka yake yalipokoma, kichochezi kilikufa. Mrithi wake hana budi kuweka kichochezi kipya kwa jina lake mwenyewe, na kabla ya hapo awe na cheo kinachostahili.

Kwa sababu hiyo makabidhiano ya ofisi yanayoorodhesha funguo, vitabu vya stakabadhi na mizani yafaa yawe na mstari mmoja wa vichochezi: kipo kipi, kimewekwa na nani. Ni heri zaidi vichochezi vya kazi za kudumu viwekwe kwa anuani ya ofisi ambayo haiendi likizo wala kustaafu.

Jamaa wa kosa hilo ni lile la vichochezi vyepesi. Apps Script ina kazi mbili tatu zinazojiamsha zenyewe, mathalani onEdit, inayoamka jedwali linapohaririwa. Kazi hizo huamka bila kumwuliza mtu idhini, na kwa hiyo hazikubaliwi kugusa huduma yoyote inayodai idhini. Anayetaka katibu mpya aingizwe kundini mara tu jina lake linapoandikwa katika jedwali, akaweka amri hiyo ndani ya onEdit, atakataliwa daima, hata akiwa msimamizi mkuu. Vivyo hivyo kwa aliyeiweka kama fomula katika chumba cha jedwali. Aweke kichochezi kamili kwa mkono, kile kinachoomba idhini wakati wa kuwekwa.

Ili kulijua jina linalotumika, yatosha kuongeza mstari mmoja unaoandika katika kumbukumbu anuani inayotolewa na Session.getEffectiveUser. Hiyo ndiyo anuani ambayo mamlaka yake yanatumika. Mstari huo mmoja umeokoa saa nyingi za kubahatisha.

Akaunti za huduma

Vyama vikuu vyenye seva au programu za uhasibu zilizoandikwa na makampuni hutumia zaidi akaunti ya huduma, yaani utambulisho wa mashine usio wa mtu. Makosa yake ni ya namna yake, na hukutwa hata kwa mafundi wazoefu.

Akaunti ya huduma si mtumishi wa kikoa. Ikijitokeza kwa jina lake bila cheo, hukataliwa kwa 403. Kwa miaka mingi njia ya kawaida imekuwa kukasimu: msimamizi mkuu huandika katika ukurasa wa usimamizi namba ya utambulisho ya akaunti ile pamoja na idhini inazoruhusiwa, na tangu hapo akaunti huweza kutenda kwa niaba ya mtu wa kikoa. Mambo matatu huvuruga. Wengine huandika anuani ya akaunti badala ya namba yake. Wengine husahau kutaja, ndani ya programu, ni mtumishi gani anayewakilishwa. Akaunti hutenda kwa jina lake yenyewe na kukataliwa, na mtumishi huyo lazima awe msimamizi, si mtu yeyote. Na wengine huomba katika programu idhini moja zaidi ya zile zilizoandikwa na msimamizi. Hapo jibu haliwi 403 bali 401, na ombi lote huanguka, hata zile idhini zilizokuwa sahihi. Mtambo haufanyi hesabu ya nusu. Idhini katika programu na idhini katika ukurasa wa usimamizi zisomwe sambamba, neno kwa neno, kwani tofauti kati ya group na group.member inatosha kuleta kosa.

Tangu iwezekane kuipa akaunti ya huduma yenyewe cheo cha usimamizi wa makundi, njia hiyo ndiyo inayofaa kwa kazi hii. Kukasimu kwa kikoa kizima huiwezesha akaunti kutenda kwa jina la mtumishi yeyote ndani ya idhini zilizotolewa, na hayo ni madaraka makubwa kwa kazi ndogo ya kusawazisha orodha. Ufunguo wa akaunti hiyo, ambao ni faili la maandishi, usitumwe kwa barua pepe wala usiachwe katika folda ya wote.

Namba zinazodanganya

Si kila 403 ni ya ruhusa. Skripti inayoongeza makatibu wa vyama vyote kwa mkupuo huweza kupita kiwango cha maombi kinachokubaliwa kwa muda mfupi, na mtambo huijibu 403 hiyo hiyo, ila maneno yake hutaja kiwango kuvukwa. Anayeona namba bila kusoma maneno atakimbilia kuomba cheo kikubwa zaidi, naye atapewa, na kosa litabaki palepale. Dawa ni skripti kupumzika kidogo kisha kujaribu tena, ikiongeza muda wa mapumziko kila inapokataliwa.

Kinyume chake, si kila kosa la ruhusa linalojitaja hivyo. Cloud Identity inapokataa kuonyesha kundi, hujibu kwamba ruhusa imekataliwa au huenda kitu chenyewe hakipo, bila kusema ni kipi. Hufanya hivyo kwa makusudi, ili mgeni asiweze kujua ni makundi gani yapo kwa kubahatisha majina. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya kuomba ruhusa, anuani ya kundi isomwe mara mbili. Herufi moja iliyokosewa hutoa jibu lile lile linalotolewa na mlango uliofungwa. Nalo kundi lililoundwa dakika hii hii laweza kwa muda mfupi kujibu 404, kana kwamba halipo.

Kwa wachache wenye seva yao na programu ya Mailman, yatosha kusema hivi. Toleo la 2 lina kosa maarufu ambapo programu inalalamika kwamba ilitarajia kuendeshwa kwa kikundi fulani cha seva, nayo imeendeshwa kwa kingine. Ujumbe huo hutaja vikundi vyote viwili, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha. Kuna chombo kiitwacho check_perms kinachokagua ruhusa za mafaili na, kikiambiwa, kuzirekebisha. Ila toleo hilo lilijengwa juu ya Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na toleo la 3 limekuwapo tangu mwaka 2015. Kuhama ni bora kuliko kuendelea kutibu.

Kulegeza mno

Fundi aliyechoka hutamani kufungua kila kitu. Katika seva huandika ruhusa za mafaili kuwa 777. Katika kundi huweka kwamba yeyote katika intaneti anaweza kusoma mazungumzo. Mwaka 2018 kampuni ya usalama ya Kenna Security ilieleza kwamba maelfu ya taasisi yalikuwa yameacha makundi yao ya Google wazi kwa namna hiyo, na barua za ndani zikasomeka na mtu yeyote. Hakukuwa na uvunjaji wa mlango. Wenye nyumba waliacha wazi.

Kundi la makatibu hubeba majina, namba za simu, na mara nyingine orodha za wadaiwa wa pembejeo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Chama kinachokusanya majina ya wanachama kinabanwa na sheria hizo hata kama mwenye kulegeza sharti alikuwa fundi wa kuajiriwa kwa siku mbili. Sharti lolote likilegezwa kwa majaribio liandikwe pamoja na saa ya kulirudisha.

Kuhusu kimya kilichotajwa mwanzoni, kosa lake mara nyingi limo katika skripti yenyewe. Waandishi wengi huzungushia amri zao kinga inayonasa kila kosa na kuendelea, ili skripti isikatike katikati. Wakisahau kuandika kosa lililonaswa, skripti humaliza kazi kwa furaha ilhali haikufanya lolote. Ukurasa wa utendaji utaonyesha imekamilika. Yafaa basi mwisho wa kila usiku skripti ihesabu majina ya jedwali na majina ya kundi, na tofauti ikiwapo, itume barua kwa watu wawili, mmoja wao asiwe fundi. Katibu wa chama kikuu akiona barua isemayo “jedwali 64, kundi 61”, hahitaji kujua maana ya 403. Anahitaji kujua vyama vitatu ni vipi, na kuvipigia simu kabla ya mkutano.

Inapobidi kuomba ruhusa kwa msimamizi wa kikoa, barua ya maombi iseme anuani ambayo skripti inaendeshwa kwa jina lake, anuani ya kundi, amri iliyokataliwa, saa ilipokataliwa, na maneno kamili ya kosa. Iombe cheo cha makundi au idhini mahsusi kwa jina lake, isiombe “ruhusa zote”. Baada ya msimamizi kukubali, mabadiliko huenea kwa kawaida upesi, ingawa yaweza kuchukua hadi saa 24. Katika muda huo kukataliwa si dalili ya kosa jipya, na amri zisiguswe. Muda ukipita, mwenye kichochezi aiendeshe skripti mara moja kwa mkono, akubali idhini itakapoombwa, kisha ajaribu kwa kumwongeza na kumwondoa mtu mmoja tu wa majaribio kabla ya kuiachia orodha nzima.